Vifungu Vilivyobomoa Nyumba za Umma Marekani

Katika mijadala ya sera za makazi, sidhani kama ipo picha iliyotumiwa vibaya kuliko ile ya kulipuliwa kwa Pruitt-Igoe. Ilipigwa mwaka 1972 mjini St. Louis, jimbo la Missouri. Jengo la ghorofa 11 linakatika kiuno, linainama, kisha linazama ndani ya vumbi lake lenyewe. Tangu siku hiyo picha hiyo imekuwa ushahidi wa kila anayetaka kusema kwamba serikali haiwezi kuwajengea maskini. Nimeikuta katika vitabu vya usanifu majengo, katika ripoti za washauri elekezi, na hata katika insha za wanafunzi wangu, na maelezo yake hayabadiliki: dola ilijenga, maskini wakaharibu, dola ikaona aibu ikaweka baruti.

Maelezo hayo yana urahisi wa hadithi za jioni. Yanampa kila mtu mkosaji anayempenda. Asiyependa serikali analaumu serikali, asiyependa maskini analaumu maskini, na msanifu asiyependa majengo marefu analaumu ghorofa. Wote watatu hawajajisumbua kufungua sheria. Ukizifungua sheria za shirikisho za Marekani kuhusu nyumba, kuanzia ile ya mwaka 1937, utaona kwamba mengi yaliyolipuka mwaka 1972 yalikuwa yameandikwa miaka 35 kabla, katika vifungu vidogo ambavyo magazeti ya siku ile hayakuvipa kichwa cha habari. Naandika haya nikiwafikiria zaidi watumishi wa umma, ambao mara nyingi ndio wanaokabidhiwa sheria iliyokwisha kupita na kuambiwa waitekeleze.

Turudi basi mwaka 1937. Marekani ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi. Seneta Robert Wagner wa New York, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekulia katika majumba ya kupanga ya maskini wa jiji hilo, alikuwa amejaribu kwa miaka kadhaa kupitisha sheria ya nyumba za umma. Nyuma yake alisimama mwanamke mmoja ambaye historia haikumtendea haki, Catherine Bauer. Bauer alikuwa amezunguka Ulaya akitazama namna miji ya huko ilivyowajengea wafanyakazi, na mwaka 1934 alichapa kitabu chake, Modern Housing. Hoja yake ilikuwa nzito na, kwa Wamarekani wengi, ya kutisha: kwamba nyumba bora zinazojengwa nje ya soko zisiwe za mafukara pekee, ziwe za wafanyakazi wa kawaida pia, ili ziwe na watetezi wengi na wapangaji wanaoweza kulipa. Alifahamu kwamba huduma inayotengwa kwa maskini peke yao haikawii kuwa huduma maskini.

Mswada wa Wagner na mwenzake wa Baraza la Wawakilishi, Henry Steagall wa Alabama, ulipita, na Rais Franklin Roosevelt akautia saini tarehe 1 Septemba 1937. Lakini ulipita ukiwa umenyofolewa huku na kubandikwa kule. Chama cha madalali wa ardhi na majumba, wenye benki za rehani na wafanyabiashara wa mbao walikuwa wameupiga vita kwa nguvu zote. Waliposhindwa kuuzuia, marafiki zao bungeni waliingiza vifungu. Nitavitaja vinne, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Cha kwanza kililetwa na Seneta Harry Byrd wa Virginia, bingwa wa kubana matumizi. Kiliweka ukomo wa gharama za ujenzi: dola 4,000 kwa nyumba moja, au 5,000 katika miji yenye watu zaidi ya 500,000. Nani angepinga kubana matumizi? Lakini mjenzi aliyepewa ukomo huo katika jiji ambalo ardhi yake ni ghali alibaki na njia moja, nayo ni kupunguza kila kinachopungua. Kulikuwa na majengo ya awali ambayo kabati zake hazikuwa na milango. Watetezi wa ukomo huo walitaka nyumba za umma zionekane kwa macho kuwa duni kuliko za kupanga kwa mtu binafsi, ili asiwepo wa kuzitamani.

Cha pili kililetwa na Seneta David Walsh wa Massachusetts. Kwa kila nyumba ya umma itakayojengwa, banda moja bovu libomolewe au likarabatiwe. Kwa sikio la haraka ni kifungu cha usafi wa miji. Kwa mwenye majumba kilikuwa bima: idadi ya nyumba mjini isiongezeke, na kodi ya pango isishuke. Sheria iliyokusudiwa kupunguza uhaba ikawa imekatazwa kuupunguza.

Cha tatu hakikuwa na mwandishi mmoja. Serikali ya shirikisho haikujenga yenyewe. Mamlaka za nyumba za miji ndizo zilizojenga, na mji usiotaka haukulazimishwa kuunda mamlaka. Vitongoji vya weupe pembezoni mwa majiji viliielewa sentensi hiyo vizuri sana. Havikuunda. Kwa hiyo nyumba za umma zikabaki ndani ya mipaka ya majiji makuu, mara nyingi katika mitaa iliyokwisha kutengwa.

Cha nne ndicho kilichoua polepole. Ruzuku ya shirikisho ililipa deni la ujenzi, yaani hati fungani pamoja na riba yake. Gharama za uendeshaji, kuanzia mafundi na walinzi hadi rangi, vioo na lifti, zilipaswa kutoka katika kodi ya pango ya wapangaji. Mpango huo ulifanya kazi vyema kwa miaka kama 15, kwa sababu wapangaji wa kwanza walikuwa familia za wafanyakazi wenye ujira. Walilipa, na majengo yakatunzwa. Watu wanaosema nyumba za umma za Marekani hazikuwahi kufaulu hawakuuliza watu walioishi humo katika miaka ya 1940. Familia nyingi zilisubiri kwa hamu kupata funguo.

Wakati huohuo mkono wa pili wa serikali hiyohiyo ulikuwa ukifanya kazi nyingine. Sheria ya Taifa ya Nyumba ya mwaka 1934 ilikuwa imeunda shirika la shirikisho la kudhamini rehani, FHA. Benki ikimkopesha mtu wa kawaida fedha za kununua nyumba, FHA ilibeba hatari. Mamilioni ya familia zilipata nyumba kwa njia hiyo. Lakini mwongozo wa shirika uliwaelekeza maofisa kuuona mtaa wenye watu weusi, au wenye dalili za kuwapokea, kuwa hatari kwa mkopo. Familia nyeusi yenye mshahara uleule ilikataliwa. Kwa hiyo mweupe alisaidiwa na dola kuhamia kitongojini akawa mwenye nyumba, na mweusi akasaidiwa na dola kubaki mjini akawa mpangaji wa serikali. Wa kwanza hakujiona kuwa amesaidiwa. Udhamini wa rehani hauna bango, na punguzo la kodi ya mapato kwa riba ya rehani halijengwi kwa matofali. Wa pili alioneshwa kidole kila siku, kwani msaada wake ulikuwa na ghorofa 11.

Mwaka 1949 palitokea fursa ya kurekebisha. Askari walikuwa wamerudi vitani na nyumba hazikutosha. Rais Harry Truman aliutaka mswada mpya, na hata Robert Taft wa Ohio, kinara wa wahafidhina wa chama cha Republican, aliuunga mkono. Taft aliamini kwamba soko lisipoweza kumpa mtu paa, dola iingie. Joto lilipanda kiasi kwamba wabunge wawili, Adolph Sabath wa Illinois mwenye umri wa miaka 83 na Eugene Cox wa Georgia mwenye miaka 69, walipigana ngumi katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi wakigombania muda wa kuzungumza. Nawatajia tukio hilo wanaodhani mabunge yetu ndiyo pekee yanayokosa adabu.

Lakini pigo kubwa la mwaka huo halikurushwa kwa ngumi. Maseneta wawili waliokuwa wapinzani wakubwa wa nyumba za umma, John Bricker wa Ohio na Harry Cain wa Washington, walileta pendekezo la marekebisho: ubaguzi wa rangi upigwe marufuku katika nyumba zote za umma. Ukilisoma pendekezo lenyewe utalipigia makofi. Waliolileta walijua hesabu. Maseneta wa Kusini waliuunga mkono mswada ilimradi nyumba zao zibaguliwe. Marekebisho yakipita, Kusini itaukimbia mswada, nao utakufa. Maseneta wa mrengo wa haki za raia wakawekwa njia panda. Paul Douglas wa Illinois, mtu ambaye hakuna awezaye kutilia shaka msimamo wake juu ya usawa, alisimama akawasihi wenzake waliangushe, akitoa hoja kwamba Wamarekani Weusi wenyewe wangenufaika zaidi na nyumba nyingi kuliko na kifungu kizuri katika mswada uliokufa. Wakaliangusha. Mswada ukapita, na Truman akautia saini tarehe 15 Julai 1949.

Nimelifundisha tukio hili kwa miaka mingi, na kila mwaka darasa hugawanyika. Wanaharakati humlaani Douglas. Wale wanaojiandaa kuingia katika utumishi wa umma humtetea. Mimi naegemea upande wa wanaharakati, kwa sababu moja ya kihistoria: kile alichokipata hakikuwa kile alichokilipia. Sheria iliahidi nyumba za umma 810,000 katika miaka sita. Ilichukua takribani miaka 20 kuzifikia, kwa sababu Kongresi ileile iliyopitisha lengo ilikata bajeti mwaka hadi mwaka. Ubaguzi, kwa upande wake, ulitekelezwa kikamilifu tangu siku ya kwanza. Hata hivyo nakiri kwamba mtu aliyekaa katika kiti chake siku ile hakuwa na kioo cha kuonea mwaka 1969.

Sheria ya 1949 iliongeza mawili mengine. Iliagiza kodi ya pango ya nyumba za umma iwe chini ya kodi ya soko kwa angalau asilimia 20, na mamlaka zikatakiwa kuziondoa familia ambazo kipato chake kimepanda. Fikiria maana yake kwa mpangaji: ukipandishwa cheo kiwandani, unafukuzwa nyumbani. Fikiria pia maana yake kwa mamlaka ya nyumba inayotegemea pango kulipa mafundi: wapangaji wanaolipa vizuri wanaondoka kwa amri, wasio na kipato wanaingia. La pili ni usafishaji wa miji. Serikali ya shirikisho ilibeba theluthi mbili ya hasara ya kununua na kubomoa mitaa iliyoitwa mibovu, ili ardhi yake iuzwe kwa waendelezaji. Mitaa mingi iliyobomolewa ilikuwa ya watu weusi, ikiwa na makanisa, maduka na vilabu vyake, na waliofukuzwa walipelekwa wapi? Wengi walipelekwa katika majengo ya nyumba za umma. Ndiyo maana watu weusi waliuita mpango huo, kwa uchungu wa kejeli, mpango wa kuwaondoa weusi.

Sasa tunaweza kuirudia St. Louis tukiwa na ufunguo mkononi. Pruitt-Igoe ilikamilika katikati ya miaka ya 1950: majengo 33, nyumba 2,870. Jina lenyewe linasema kila kitu. Wendell Pruitt alikuwa rubani mweusi wa vita vya pili vya dunia; William Igoe alikuwa mbunge mweupe. Upande mmoja ulikusudiwa kwa weusi na mwingine kwa weupe, hadi mahakama ilipoingilia, na weupe wakaondoka taratibu. Msanifu wake, Minoru Yamasaki, ambaye baadaye alisanifu minara ya World Trade Center, alipendekeza mchanganyiko wa majengo mafupi na marefu. Ukomo wa gharama ukakataa. Yakawa marefu yote. Lifti zilisimama kila baada ya ghorofa mbili ili kuokoa fedha, kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi alishuka lifti kisha akapanda au kushuka ngazi. Vitasa na makufuli yalikuwa hafifu kiasi cha kuvunjika mapema, na bustani zilizokuwa kwenye michoro hazikupandwa.

Pamoja na hayo, mwaka 1957 nyumba tisa kati ya kila kumi zilikuwa na watu. Kilichofuata ni hesabu. St. Louis ilikuwa na wakazi zaidi ya 850,000 mwaka 1950. Kufikia 1970 walikuwa takribani 620,000. Viwanda na weupe walihamia vitongojini, wakibebwa na rehani za FHA na barabara kuu za shirikisho. Waliobaki katika Pruitt-Igoe walikuwa maskini zaidi, kodi waliyoweza kulipa ilipungua, na kodi ilipopungua mafundi walipungua. Lifti ikaharibika ikakaa. Kioo kikapasuka kikakaa. Mwenye uwezo wa kuhama akahama, na chumba kikabaki tupu bila kulipa, na mfuko wa matengenezo ukapungua tena. Mamlaka ikapandisha kodi kwa waliobaki. Baadhi yao walifikia kulipa zaidi ya nusu ya kipato chao ili kuishi katika jengo lisilo na maji ya moto.

Mwanzoni mwa mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma wa St. Louis waligoma kulipa kodi. Waliongozwa kwa sehemu kubwa na akina mama, na mgomo ulidumu kwa miezi kama tisa. Sikumbuki filamu au kitabu cha usanifu kinachoionesha picha ya mgomo huo karibu na picha ya baruti, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa la masimulizi. Watu wanaodaiwa kuharibu majengo yao ndio waliokuwa wakiyapigania, na walishinda. Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa seneta kwa kura za wananchi, alipitisha mwishoni mwa mwaka huo marekebisho yaliyoweka ukomo wa kodi ya pango katika nyumba za umma kuwa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji.

Hapa pana funzo gumu ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi. Kifungu cha Brooke kilikuwa cha haki kabisa, lakini kiliingia katika mfumo uleule wa 1937 ambamo pango ndilo lililolipa mafundi. Kongresi ilikubali kujaza pengo kwa ruzuku ya uendeshaji, kisha ruzuku ikachelewa na kupunguka. Mpangaji akaokolewa, jengo likaachwa. Kufikia wakati baruti inawekwa, sehemu kubwa ya Pruitt-Igoe ilikuwa tupu. Ubomoaji ulimalizika mwaka 1976.

Anayeshikilia kwamba tatizo ni ghorofa na maskini aende New York. Mamlaka ya nyumba ya jiji hilo ilijenga minara mirefu kuliko ya St. Louis, na hadi leo inaendesha fleti zaidi ya 150,000. Zimechakaa, tena vibaya, na zilianza kuchakaa sana fedha za shirikisho zilipokauka. Lakini hazikulipuliwa. Tofauti ni kwamba New York ilikuwa na soko lenye uhaba mkubwa, ilichanganya wapangaji wenye vipato tofauti kwa muda mrefu, na ilikuwa na mamlaka yenye mafundi wake.

Mwaka 1968 ulikuwa wa ahadi kubwa. Wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuzuia ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba, miaka 19 baada ya kura ya Douglas. Agosti ya mwaka huo ikafuata sheria nyingine iliyoweka lengo la nyumba milioni 26 katika miaka 10, milioni sita kati ya hizo zikiwa za wenye kipato cha chini na cha kati. Januari 1973 utawala wa Richard Nixon ulisimamisha programu zote za ruzuku mpya za nyumba. Picha ya St. Louis ilikuwa na umri wa miezi michache tu, na ilifanya kazi yake vizuri.

Kutoka katika ukimya huo ndiyo ikazaliwa Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii ya mwaka 1974, ambayo Gerald Ford aliitia saini tarehe 22 Agosti, wiki mbili hivi baada ya kuapishwa. Wasomi wengi huiita mwanzo wa zama mpya, na kwa umbo wako sahihi. Ilifanya mambo mawili. Iliunganisha programu kadhaa, ukiwamo usafishaji wa miji, kuwa ruzuku moja ya maendeleo ya jamii inayogawiwa miji kwa kanuni ya idadi ya watu, umaskini na msongamano, na miji ikaachiwa kuamua matumizi. Pia ilianzisha Kifungu cha 8, ambapo serikali humlipa mwenye nyumba binafsi tofauti kati ya kodi ya soko na kile anachoweza mpangaji. Baadaye hiki kikawa vocha.

Nasema kwa umbo, kwa sababu mantiki ya vifungu ni ileile. Ruzuku ya jamii haikuwekewa mwanzoni kiwango cha chini cha fedha ambazo lazima ziwanufaishe maskini. Matokeo yake baadhi ya miji ilizipeleka fedha hizo katika mitaa isiyokuwa na shida. Kiwango cha asilimia 51 kiliwekwa mwaka 1983, kikapandishwa hadi 60, na mwaka 1990 kikafika 70. Ilichukua miaka 16 na mapambano ya bajeti kuandika sentensi ambayo ingeweza kuandikwa siku ya kwanza. Vocha nayo haikufanywa kuwa haki ya anayestahili. Ni bahati ya aliyefikiwa na bajeti. Hadi leo takribani kaya moja tu kati ya kila nne zinazostahili hupata msaada wa shirikisho wa pango. Nyingine zimo katika orodha za kusubiri, au orodha zimefungwa. Ronald Reagan alipoingia alisimamisha ujenzi mpya chini ya Kifungu cha 8 na kupandisha mchango wa mpangaji kutoka asilimia 25 ya Brooke hadi 30. Mwaka 1986 ikaja nafuu ya kodi kwa wawekezaji wanaojenga nyumba za bei nafuu, ambayo sasa ndiyo njia kuu ya ujenzi na imezaa nyumba zaidi ya milioni tatu. Sheria hiyo inastahili insha yake peke yake. Hapa niseme tu kwamba unafuu wa pango humo una tarehe ya mwisho.

Sheria hizi hazikubaki Marekani. Mwaka 1961 Kongresi, kupitia sheria ya misaada ya nje, ilianzisha udhamini wa mikopo ya nyumba kwa nchi nyingine chini ya USAID. Ilikuwa FHA iliyovuka bahari: mkopeshaji binafsi wa Marekani hukopesha, serikali ya Marekani hudhamini, na nchi inayokopa hulipa. Katika miaka ya 1970 fedha hizo zilijenga awamu ya kwanza ya Umoja, mashariki mwa Nairobi, kwa ajili ya wenye kipato cha chini. Mkopo ulitakiwa ulipwe kwa riba iliyokaribia ya soko, na gharama zirudi zote kutoka kwa wanunuzi. Sehemu kubwa ya nyumba iliishia kwa watu wa tabaka la kati, ambao wengi walizipangisha, wakaongeza vyumba uani, kisha ghorofa juu ya ghorofa. Wenye kipato cha chini wanaishi Umoja leo, ndiyo, lakini kama wapangaji wa wapangishaji. Kenya ilipopitisha Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu mwezi Machi 2024, mjadala karibu wote ulimezwa na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara. Ni mjadala halali. Ningependa tu wanafunzi wangu wa huko waisome sheria hiyo kwa swali la St. Louis: lifti ya ghorofa ya tisa ikikwama mwaka wa 15, fundi analipwa kutoka mfuko gani?

Nimalizie hesabu ya Marekani. Mwaka 1987 Kongresi iliandika kinyume cha kifungu cha Walsh: ukibomoa nyumba ya umma, ujenge nyingine. Mwaka 1992 ikaanza programu ya HOPE VI ya kubomoa miradi iliyochakaa na kujenga mitaa mchanganyiko. Sharti la kujenga nyingine lilikuwa likizuia ubomoaji, kwa hiyo lilisimamishwa mwaka 1995 na kufutwa kabisa mwaka 1998. Nyumba karibu 100,000 zilibomolewa chini ya programu hiyo, na zilizorudi kwa wapangaji wa kipato kilekile zilikuwa pungufu sana.

Sheria hiyohiyo ya 1998, iliyosainiwa na Bill Clinton, ilibeba pia kifungu cha Seneta Lauch Faircloth wa North Carolina. Kinasema kwamba hakuna mamlaka ya nyumba itakayopewa fedha za shirikisho za kujenga au kuendesha nyumba za umma zaidi ya idadi iliyokuwa nayo tarehe 1 Oktoba 1999. Byrd aliweka ukomo wa dola, Walsh akaweka ukomo wa ongezeko, Faircloth akaweka ukomo wa idadi yenyewe. Mapendekezo ya kukifuta yameletwa Kongresi zaidi ya mara moja, na mwaka 2020 moja lilipita katika Baraza la Wawakilishi. Halikufika popote katika Seneti. Kifungu bado kipo.